Askofu Aliyewaonya Watu wa Kwao



Kila inapokaribia siku ya kuchagua kiongozi katika Kanisa, awe ni askofu wa dayosisi au mzee wa kanisa katika parokia ndogo kama yetu, kuna neno huanza kupita chini chini kutoka benchi hadi benchi. Neno lenyewe ni kwamba fulani ni mtu wetu, na fulani si mtu wetu. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo habari za sifa za askofu alitaja mambo mengi: kiasi, ukarimu, upole, kutopenda fedha, kujua kufundisha, kuisimamia vema nyumba yake, kushuhudiwa mema hata na watu walio nje ya Kanisa. Orodha ile nimeisoma mara nyingi, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba awe mtu wa kwetu.

Naandika maneno hayo nikiona aibu kidogo. Zamani, katika parokia moja nilikokuwa nikiabudu, tulimchagua mtunza hazina kwa sababu hiyo tu. Fedha za ujenzi zilipoanza kupungua wote tuliona, wala hakuna aliyethubutu kuuliza, maana ungemwulizaje mtu wetu? Mimi nilikuwa mmoja wa waliompigia kura, na mmoja wa walionyamaza. Paa la kanisa lile lilichelewa miaka mingi, na mvua za masika zilitunyeshea sote, waliomchagua na wasiomchagua.

Basi nimeona afadhali kusimulia maisha ya kiongozi mmoja ambaye wazee wetu walimjua, na ambaye vijana wengi wanalijua jina lake tu, bila habari zake. Huyo ni Askofu Frank Weston wa Zanzibar. Sisemi kwamba alikuwa mtu asiye na kasoro. Alikuwa nazo, nami nitazitaja. Lakini katika jambo hili la mtu wetu, sijapata kusoma habari za kiongozi aliyejaribiwa zaidi yake.

Frank Weston alizaliwa London tarehe 13 Septemba 1871. Alisoma katika shule ya Dulwich, kisha akaingia chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako mwaka 1893 alipata daraja la kwanza katika elimu ya dini. Kijana mwenye matokeo kama hayo angeweza kubaki chuoni akisoma na kufundisha maisha yake yote, akila vizuri na kulala vizuri. Yeye alikwenda Stratford, upande wa mashariki wa London, mahali pa wafanyakazi na maskini, akaanza utumishi wake huko. Baadaye alihamia parokia ya Mtakatifu Mathayo, Westminster. Mwaka 1898 alisafiri kuja Unguja chini ya misioni ya Vyuo Vikuu, ile ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake, U.M.C.A.

Yafaa tukumbuke Unguja ya mwaka ule ilikuwaje. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na juu ya kiwanja chake pale Mkunazini Askofu Steere alikuwa amejenga Kanisa Kuu la Kristo. Lakini sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe katika visiwa ilikuwa imetoka mwaka 1897 tu, yaani mwaka mmoja kabla Weston hajafika. Mitaani alikutana na watu waliokuwa wamenunuliwa na kuuzwa. Alifika akiwa Mwingereza wa kawaida wa wakati wake, aliyeamini kwamba taifa lake lilikuja Afrika kuwafungua wafungwa. Imani hiyo aliishika kwa moyo wote, na ndiyo iliyomletea uchungu baadaye.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya ualimu, na hapo mimi humwona kuwa ni ndugu yangu. Kwanza aliwafundisha watu waliokuwa wakijitayarisha kwa upadre, huko Mazizini. Tangu mwaka 1901 akawa mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, karibu na bahari kusini ya mji. Kiungani ilianzishwa kwa ajili ya watoto wa kiume waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Siku za Weston walikuwako pia vijana waliotoka bara: Wabondei, Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa, wakilala katika mabweni mamoja na kula sahani moja. Kutoka pale walipatikana walimu wa shule na mapadre wa nchi nzima ile. Hakuna kijana aliyeweza kudai pale kwamba mkuu wa chuo ni mtu wa kabila lake, wala hakuna aliyeweza kulalamika kwamba ni mtu wa kabila la mwenzake.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kujifunza Kiswahili. Sisemi Kiswahili cha kumwamrisha mpishi, bali Kiswahili cha kufundishia habari za Umwilisho wa Bwana wetu, cha kuhubiri, na zaidi ya yote cha kusikilizia maungamo. Mtu anayekuja kutubu hawezi kutubu kwa mkalimani. Weston alitumia saa nyingi sana katika kazi hiyo ya kusikiliza, na kwa njia hiyo aliyajua maisha ya watu kuliko maofisa waliowatawala. Walimu wenzangu mtanielewa. Yako mambo ya mtoto ambayo huyapati katika daftari lake hata ulisahihishe mara mia. Huyapati mpaka ukae naye chini ukanyamaza. Katikati ya kazi hizo aliandika kitabu cha elimu ya dini juu ya nafsi ya Kristo, kilichotoka mwaka 1907, na wataalamu wa Uingereza wakakiheshimu.

Mwaka 1908 Askofu Hine aliiacha dayosisi, na Weston akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Zanzibar mahali pake. Alikuwa na umri wa miaka 37. Dayosisi hiyo ilikuwa kubwa na ya ajabu kidogo. Sehemu yake moja ilikuwa visiwani, chini ya ulinzi wa Waingereza. Sehemu kubwa ilikuwa bara, Ubondei na Usambara upande wa Tanga, na Masasi upande wa kusini, na huko kote walitawala Wadachi. Aliizuru kwa miguu, siku nyingi njiani, akiwapa watu Kipaimara, akiwasikiliza mapadre na walimu wa vijijini, akilala pale walipolala wenyeji wake. Tena aliona kwamba Kanisa linaloendeshwa na wanaume watupu haliwezi kuwafikia akina mama. Kwa hiyo mwaka 1911 alianzisha chama cha watawa wa kike, Chama cha Mateso Matakatifu, ambao wazee wa Magila wanawakumbuka kwa hospitali na shule zao. Watawa hao ndio waliokuja kukilea chama cha watawa wetu Waafrika wa CMM, kilichoanzishwa mwaka 1946, muda mrefu baada ya askofu mwenyewe kufa.

Sasa nifike kwenye kasoro yake. Mtu aliyekuwa mkuu wa chuo huzoea kutiiwa, na Weston alikuwa na kalamu kali iliyotangulia subira. Mwezi Juni mwaka 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, nchini Kenya, wakashauriana namna ya kushirikiana. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliadhimisha Ushirika Mtakatifu katika kanisa la misioni ya Waskoti, na watu wa madhehebu mengine wakapokea pamoja na Waanglikana. Askofu Willis wa Uganda alikuwako. Weston aliposikia, hakuwaendea ndugu zake hao wawili kwanza akazungumza nao. Aliandika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashtaki kwa uzushi na mafarakano. Ugomvi ukajaa magazeti ya Uingereza. Jibu lililotolewa na Askofu Mkuu mwaka 1915 halikuupa upande wowote ushindi kamili. Mwaka huo huo wa 1915 Weston alitangaza rasmi kwamba hana ushirika na Askofu wa Hereford, huko Uingereza, kwa sababu alimpa cheo katika kanisa kuu lake mwanachuoni ambaye mafundisho yake Weston aliyaona ni mabaya. Wengi walicheka, askofu wa kisiwa cha karafuu kumtenga askofu wa Uingereza. Mimi sicheki. Hofu yake juu ya imani ilikuwa ya kweli, na neno lake kuhusu Ushirika Mtakatifu halikuwa dogo. Ila kumshtaki ndugu yako kabla ya kumwendea si njia aliyotufundisha Bwana katika Injili ya Mathayo, na askofu aliijua Injili hiyo vizuri kuliko mimi.

Wakati wanasheria wa Kanisa wakishindana, vita ilikwisha kuanza. Mwaka 1914 dayosisi ilikatwa vipande viwili. Wamisionari Waingereza waliokuwa bara walifungwa na Wadachi. Mapadre na walimu Waafrika wa misioni walishukiwa kuwa ni wapelelezi. Wengi wao walifungwa, wakapigwa, wakafanyishwa kazi ngumu, wala hawakuikana imani. Askofu alikuwa Unguja, amezuiwa na bahari nyembamba asiweze kuwafikia.

Vita ile, kama wasomaji wanavyojua, haikubebwa na magari. Ilibebwa na vichwa vya watu. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi yametokana na kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa “Carrier Corps”. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa, wengi bila kaburi lenye jina. Mwaka 1916 wapagazi wa Unguja walipotakiwa waende bara, Askofu Weston hakukaa nyumbani kuwaombea. Alikwenda nao. Aliongoza kikosi chao akipewa cheo cha meja, akatembea nao pwani ya Mrima wakati jeshi la Waingereza lilipokuwa likishuka kutoka Bagamoyo kuelekea Dar es Salaam, akisimamia posho yao na matibabu yao. Wako waliosema kwamba askofu kuvaa cheo cha jeshi ni jambo lisilofaa, na pengine wana haki. Lakini mpagazi aliyekuwa na homa njiani alijua ya kwamba mkubwa wake ni yule yule aliyempa Komunyo Mkunazini.

Amani ilipokaribia, likaja swali la nani atatawala nchi hii ya bara. Mwaka 1918 Weston aliandika barua ya wazi kwa Jenerali Smuts, ikapigwa chapa kama kijitabu, akieleza viboko na kazi za lazima ambazo watu walipata chini ya Wadachi, na kusema kwamba nchi isirudishwe kwao. Jina la kijitabu kile liliwaita Waafrika kuwa ni watumwa weusi wa Prussia. Waingereza walikipenda. Kilisema maneno waliyotaka kuyasikia, na serikali iliyotamani kuishika Tanganyika ilipata shahidi mwenye joho la askofu. Hapo ndugu zangu tutulie kidogo. Kumkemea adui wa taifa lako mbele ya taifa lako ni kazi rahisi, hata kama unayoyasema ni kweli. Watu hupiga makofi. Kama Weston angekufa mwaka ule wa 1918, nisingemwandikia ukurasa huu.

Lakini mwezi Oktoba mwaka 1919 serikali ya Kiingereza ya nchi jirani, ambayo mwaka uliofuata iliitwa Koloni la Kenya, ilitoa waraka juu ya kazi. Gavana wa siku hizo alikuwa Northey. Walowezi walitaka watu wa kulima mashamba yao, na watu hawakutosha. Waraka uliwaagiza maofisa watumie kila njia halali kuwahimiza watu watoke kwenda kufanya kazi kwa Wazungu, na machifu wasaidie. Hata wanawake na watoto wahimizwe kufanya kazi karibu na kwao. Kila aliyeishi vijijini anajua maana ya chifu kuhimizwa na bwana mkubwa. Chifu asiyeleta watu ataandikwa jina lake, na chifu aliyeandikwa jina hawezi kuwahimiza watu wake kwa maneno matamu.

Maaskofu wa Mombasa na Uganda pamoja na kiongozi wa misioni ya Waskoti walitoa taarifa wakieleza hatari za waraka ule. Lazima tuwatendee haki, kwa maana walisema mambo mengi ya kweli. Lakini walikubali kwamba, kwa wakati ule, kazi ya lazima ingeweza kuruhusiwa ikiwa itawekwa katika sheria wazi, kwa mipaka, na hasa kwa kazi za serikali. Walifikiri kwamba neno la kiasi litasikiwa zaidi kuliko neno kali. Watu wengi wenye busara hufikiri hivyo, na mara nyingine huwa kweli.

Weston hakukubali. Kwake yeye kumlazimisha mtu kumfanyia kazi mwingine kwa faida ya huyo mwingine ni dhambi, nayo haiwi njema kwa kuwekewa mipaka. Mwaka 1920 alitoa kijitabu cha pili, safari hii juu ya watumwa wa Uingereza, akakiita waziwazi kuwa ni mwendelezo wa kile cha kwanza. Kipimo kile kile alichowapimia Wadachi akakiweka juu ya kichwa cha watu wake mwenyewe. Safari hii makofi yalikuwa machache. Watu waliomsifu miaka miwili nyuma sasa walimwona mwenye kuliaibisha taifa. Walowezi hawakumpenda, na hata wamisionari wengine walimwona amepita kiasi. Naye hakuwa na faida yoyote ya kupata. Kenya haikuwa dayosisi yake, na watu waliolazimishwa kule hawakuwa wapagazi wake wala wanafunzi wake wa Kiungani.

Alikuwa anakwenda London mwaka ule ule kwa Mkutano wa Lambeth, akaitumia nafasi hiyo kuwaendea wakubwa wa Kanisa na wa serikali, na kuwasumbua. Hakuwa peke yake. J. H. Oldham, katibu wa umoja wa misioni, alifanya kazi kubwa ya subira nyuma ya pazia, na Askofu Mkuu Davidson alilisemea jambo hilo. Mwaka 1921 Waziri wa Makoloni, Winston Churchill, alitoa agizo kwamba maofisa wa serikali wasishiriki kuwaandikia watu wenye mashamba wafanyakazi. Mambo yote hayakunyoka siku moja. Kodi na kipande viliendelea kuwasukuma watu kwa njia nyingine. Lakini waraka wa 1919 ulikuwa umevunjwa nguvu.

Nimekaa hapa kwa muda kwa sababu naona hapa ndipo pa kumpima kiongozi. Anapotafutwa padre au askofu tunauliza kama anahubiri vizuri, kama amesoma, kama nyumba yake ina amani, na tunafanya vema. Yafaa tuulize pia, je, amewahi kuwaambia watu wa kwao kwamba wamekosa? Watu wa ukoo wake, wa kabila lake, wa chama chake, wale waliompandisha? Na alipowaambia, alipoteza nini? Maana mtu aliyewakemea wageni tu maisha yake yote, hatujui bado kama anachukia dhambi au anachukia wageni.

Katika Lambeth ile ya 1920 walikutana maaskofu 252. Wengi walimngojea Weston wa ule ugomvi wa Kikuyu, wakajitayarisha kwa vita. Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika. Mwaka 1918 mkutano wa pili ulipofanyika Kikuyu alialikwa, naye alikwenda, akakaa meza moja na watu wale wale aliowashtaki miaka mitano kabla. Aliwaletea shauri lake juu ya njia ya umoja. Hawakulikubali, na yeye hakuyaacha aliyoyaamini juu ya daraja ya uaskofu, lakini waliagana kama ndugu. Huko Lambeth maaskofu walitoa wito kwa Wakristo wote duniani watafute umoja, na Weston alikuwa mmoja wa walioutengeneza na kuuunga mkono. Waliomwogopa walimpenda. Sijui neno gani lilimfundisha upole huo. Huwa nafikiri kwamba labda ni zile siku za barabarani pamoja na wapagazi, maana mtu akishatembea na wanaokufa, ugomvi mwingine hupungua ukubwa.

Mwaka 1923 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kongamano kubwa la Waanglikana wa Kikatoliki katika jumba la Albert Hall, London. Hao ndio waliokuwa watu wake hasa. Walipenda Misa kama alivyoipenda, uvumba, mishumaa na Sakramenti iliyohifadhiwa tabenakulo, mambo ambayo wakati ule yalikuwa yakipingwa na baadhi ya maaskofu wa Uingereza. Walikuja kwa maelfu. Mwenyekiti mwingine angewapongeza kwa ushindi wao na kuwaacha waende nyumbani na furaha. Katika hotuba yake ya mwisho Weston aliwatia moyo wazipiganie tabenakulo zao, kisha akawageukia. Aliwaeleza kwamba hawana haki ya kumwabudu Yesu katika Sakramenti ikiwa wanamwacha anyonywe katika miili ya watu wanaolipwa mishahara ya dhuluma na kuishi katika vibanda vichafu. Watoke katika Misa zao wakamtafute huko, na wakimpata wamwoshe miguu. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi tangu siku hiyo, hata na wasiomjua aliyeyasema. Wanaoyarudia husahau kwamba aliyasema mbele ya rafiki zake.

Alirudi katika dayosisi yake na katika njia zake za miguu. Mwaka 1924, akiwa bara, alipatwa na jipu ambalo sumu yake iliingia katika damu. Leo ugonjwa kama huo hutibiwa kwa sindano za siku chache, lakini dawa hizo zilikuwa hazijapatikana. Alifariki Hegongo, Magila, siku ya Jumapili tarehe 2 Novemba 1924, Sikukuu ya Marehemu Wote, akiwa na umri wa miaka 53. Mwaka uliofuata chuo chake cha Kiungani kilihamishiwa Minaki, na mwaka 1926 sehemu ya kusini ya dayosisi ikawa Dayosisi ya Masasi.

Hakuzikwa Mkunazini penye kiti chake cha uaskofu, wala mwili wake haukurudishwa kwao London. Amelala Magila, katika udongo wa Ubondei.